PIKAPU YA KIKUNDI: TUIINUE KIASI GANI, NA KWA PESA NGAPI?



Kila siku kabla jua halijachomoza, magari ya mzigo huingia soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, yakileta matoke, nyanya, kabichi na viazi. Mengi hufuata barabara ya Gayaza, yakipitia Kasangati na Mpererwe. Mengine hutumia barabara kuu ya mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009. Lami ni nzuri mpaka hapo. Taabu iko nyuma yake, kwenye njia za udongo mwekundu zinazotoka mashambani. Mvua ikinyesha, njia hizo huwa mitaro, na gari fupi huketi juu ya tumbo lake kama kobe.

Baadhi ya magari hayo ni ya matajiri. Lakini yako pia yaliyonunuliwa na watu wa mshahara mdogo, waliochanga mwezi baada ya mwezi katika kikundi cha kuweka na kukopa, ili mazao ya vibustani vyao yafike sokoni bila kupitia mikononi mwa walanguzi. Kikundi cha namna hiyo kikishapata pikapu, swali la kwanza huwa ni petroli. La pili huwa ni hili: tuiinue au tusiiinue?

Swali hili si la mapambo. Ukilijibu vibaya, pesa za watu kumi na wawili hupotea. Ukilijibu vibaya zaidi, hupotea maisha ya dereva, ya utingo, na ya mama aliyeketi juu ya magunia. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza hatua kwa hatua.

GARI LINAINULIWA KWA NINI?

Watu wengi huinua gari kwa sababu wameona la jirani limeinuliwa. Hiyo si sababu. Sababu ya kweli ni moja tu: kuna kitu chini ya gari kinachogusa ardhi, na kinaweza kuvunjika au kulifanya gari likwame.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko dukani, iko chini ya gari. Lala chini yake gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Tazama alama za kukwaruza. Je, ni bamba la mbele? Ni tanki la mafuta? Ni bomba la moshi? Au ni difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli?

Tofauti hii ni kubwa, na mafundi wengine hawaisemi kwa sababu wanataka kuuza. Springi hubeba chesisi na bodi. Ukiweka springi ndefu, bodi hupanda, na kila kilichofungwa kwenye bodi hupanda nayo. Lakini difu ya nyuma imeshikana na ekseli, na ekseli inakaa kwenye magurudumu. Hata ukiinua bodi mpaka mtoto apite chini yake amesimama, difu itabaki pale pale ilipokuwa.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Tena tairi huinua kwa nusu ya tofauti yake: tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa sentimita 5 huinua difu kwa sentimita 2 na nusu tu. Basi ikiwa difu ndiyo inayolima katikati ya barabara, seti ya springi ya bei kubwa haitakusaidia. Ikiwa ni bamba, tanki au bomba la moshi, hapo springi zina kazi.

PENGINE GARI HALIHITAJI KUINUKA, LIMECHOKA TU

Pikapu nyingi zinazouzwa Kampala zimetumika Japani au kwingineko kabla ya kufika kwetu. Springi zake zimebeba mzigo kwa miaka mingi. Chuma cha springi nacho huchoka. Gari linaloonekana fupi huenda lilikuwa refu lilipotoka kiwandani.

Pimeni hivi. Weka gari mahali tambarare, tupu. Kwa utepe wa fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, na andika. Kisha pakia mzigo wa kawaida, pima tena. Kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, au nyuma imeshuka mpaka mpira wa kuzuia kishindo umegusana na ekseli, springi zimekwisha. Tazama pia majani ya springi: yaliyonyooka kabisa au kupinda kinyume yamekufa, na lenye ufa lisitumike hata siku moja.

Kama hali ni hiyo, dawa ya kwanza ni kulirudishia gari kimo chake cha asili kwa springi nzima, bushi mpya na shokamzoba nzima. Mara nyingi hilo peke yake hurudisha sentimita kadhaa, wala halihitaji kubadilisha kitu kingine chochote. Hilo ndilo chaguo la gharama nafuu kuliko yote, ingawa wauzaji hawaliimbii nyimbo.

NJIA ZA KUINUA, KUANZIA RAHISI MPAKA GHALI

Baada ya hapo, kama bado mnahitaji kimo, zipo njia tano ambazo mtazisikia kwenye gereji za Kalerwe, Bwaise au Katwe, na kwa wauza vipuri wa Kisekka.

Njia ya kwanza ni spesa. Hiki ni kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi ya koili ya mbele. Ni rahisi kwa bei na kazi yake ni fupi. Lakini haikupi springi mpya. Springi iliyochoka itabaki imechoka, ila sasa imesimama juu ya kigoda. Fahamu pia kwamba kwenye pikapu nyingi zenye koili mbele, kwa mfano Toyota Hilux za kuanzia mwaka 2005, spesa inayowekwa juu ya mguu mzima wa springi huinua gari karibu mara mbili ya unene wake. Spesa ya milimita 25 basi si ndogo kama inavyoonekana mkononi.

Njia ya pili ni kibao cha nyuma, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi ya majani, kikikazwa kwa bolti ndefu za umbo la U. Kwa ekseli ya nyuma kinakubalika, kikiwa kimoja, cha chuma, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usiweke vibao viwili kimoja juu ya kingine. Usikubali kibao cha mti. Na kamwe usiweke kibao kwenye ekseli ya mbele inayogeuzwa na stelingi: kikichomoka, gari halina mwenyewe tena.

Njia ya tatu ni kurefusha shakeli, vile vibao vya chuma vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesisi. Shakeli iliyozidi kwa sentimita 10 huinua gari kwa sentimita 5 hivi. Ubaya wake ni kwamba huizungusha ekseli kidogo. Kwenye ekseli ya mbele ya pikapu za zamani zenye springi za majani mbele, stelingi huwa nyepesi na gari huyumba.

Njia ya nne ni kuongeza jani moja la springi. Wenye mizigo huipenda, na si bure, kwa kuwa gari halishuki sana likipakiwa. Lakini likiwa tupu hurukaruka, na gari linalorukaruka haliishiki barabara.

Njia ya tano ni seti kamili: springi mpya nne na shokamzoba nne zilizopimwa pamoja. Makampuni kama Old Man Emu na Ironman ya Australia yametengeneza seti za aina hii kwa miaka mingi, nyingi zikiinua gari kwa sentimita 4 hadi 5. Jambo la kuzingatia hapa si jina lililopakwa kwenye shokamzoba. Ni uzito ambao springi ilitengenezewa, kwa kuwa zipo za gari tupu, za mzigo wa wastani na za mzigo mzito wa kila siku. Springi ya mzigo mzito kwenye gari linalotembea tupu siku nne kwa wiki itawavunja mgongo.

Pikapu nyingine zina fito za kujisokota badala ya koili mbele; Hilux kadhaa zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1997 na 2005 ni hivyo. Hizo huinuliwa kwa kukaza bolti tu, bila kununua kitu. Kwa kuwa ni bure, watu huzikaza mpaka mwisho. Matokeo yake ni gari gumu kama mkokoteni na jointi za mbele zinazolika upesi. Kaza kidogo, pima, kisha acha.

KINACHOHARIBIKA GARI LIKIPANDA

Gari ni kama kiwanda: ukibadilisha mashine moja, zote zilizofungamana nayo huguswa. Muulizeni fundi maswali haya kabla hajashika spana.

Kwanza, paipu za mpira za breki zitafika? Inua gari kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, kisha tazama. Paipu iliyovutika kama kamba ya gitaa itakatika siku ya shimo kubwa.

Pili, vali ya breki za nyuma itarekebishwa? Pikapu nyingi zina vali yenye mkono unaounganisha bodi na ekseli. Bodi ikishuka, vali hufahamu kuwa kuna mzigo, na hutoa breki zaidi nyuma. Mkiinua bodi bila kuirekebisha, vali itadhani gari ni tupu daima. Mtateremka mlima na tani moja, mkiwa na breki za nyuma zilizopunguzwa. Fundi asiyeijua vali hii asipewe gari lenu.

Tatu, magurudumu yatanyooshwa kwenye mashine baada ya kazi? Bila hivyo, matairi mapya yataliwa upande mmoja katika miezi michache.

Nne, shokamzoba zina urefu unaolingana na springi mpya? Fupi itavutika mpaka mwisho na kung'oka.

Tano, taa za mbele zitashushwa? Gari lililoinuliwa huwapofusha waendesha bodaboda na watembea kwa miguu, ambao wengi wao ni wafanyakazi kama sisi.

Sita, springi itachomelewa? Jibu likiwa ndiyo, ondokeni. Ndugu wa viwandani wanajua kwamba chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo, na springi huvunjika kando ya mshono.

HESABU YA KUPINDUKA

Hesabu hii haihitaji shule kubwa. Chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Igawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini. Kadiri namba inayopatikana inavyokuwa ndogo, ndivyo gari linavyopinduka kirahisi kwenye kona.

Kwa mfano, nusu ya upana iwe sentimita 75, na kitovu cha uzito kiwe sentimita 70 juu. Namba ni 1.07. Inua gari kwa sentimita 5: namba ni 1.00. Imepungua, lakini si sana. Sasa liache gari lisiinuliwe, ila lipakie matoke mpaka juu ya kibanda cha dereva, kitovu cha uzito kifike sentimita 95. Namba ni 0.79. Inua na upakie vilevile: ni 0.75.

Mnaona wenyewe. Katika mfano huu mzigo mrefu umepunguza uthabiti mara nne zaidi ya springi. Anayeogopa kuinua gari kwa sentimita 5 huku akirundika mizigo kama ghorofa, anamfukuza panya na kumwacha chui ndani. Na anayeinua gari kisha akaendelea kurundika, amewaita wote wawili. Watu wakipanda juu ya mzigo huo, kitovu cha uzito hupanda zaidi, na wao ndio wa kwanza kurushwa.

Tena, springi ngumu haziongezi uwezo wa gari. Chesisi ni ile ile, ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Pikapu ya tani moja itabaki ya tani moja. Mikungu 50 ya kilo 20 kila mmoja imekwisha kutimiza tani hiyo. Zamani gari lililozidiwa lilikuonya kwa kuinama nyuma. Springi ngumu huficha onyo hilo, na kosa huonekana siku ekseli inapokatika.

HESABU YA PESA

Bei hubadilika, na kila muuzaji ana yake. Namba zifuatazo si bei za soko, ni mfano wa kuonyesha njia ya kuhesabu.

Tuseme vibao na spesa pamoja na fundi ni shilingi 400,000, na kwa njia zetu vinadumu miezi sita. Seti kamili ni shilingi 2,400,000 na inadumu miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu, vitu vya rahisi vitanunuliwa mara sita, yaani shilingi 2,400,000. Tuseme kila mara gari linalala gereji na safari mbili za Kalerwe zinapotea, kila safari ikiwa na faida ya shilingi 60,000. Hizo ni shilingi 720,000 zaidi. Cha rahisi kimegharimu shilingi 3,120,000. Rahisi inavyokuwa ghali ndiyo hiyo.

Lakini msikimbilie seti kamili pia. Tuseme springi za nyuma na shokamzoba nne, bila kuinua zaidi ya kimo cha asili, ni shilingi 1,300,000. Kama vipimo vyenu vimeonyesha kwamba shida ni uchovu wa springi, hapo ndipo pesa zenu zisimame. Shilingi 1,100,000 zilizobaki zitanunua matairi mazuri yenye meno ya matope, ambayo kwa njia za udongo husaidia kuliko kimo.

Na kama pesa hazipo, msiende kwa mkopeshaji wa mtaani. Mkopo wa shilingi 2,400,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni riba ya shilingi 240,000 kila mwezi. Hiyo ni faida ya safari nne. Kikundi kinachofanya safari 12 kwa mwezi kitakuwa kimemwajiri mkopeshaji kwa theluthi moja ya jasho lake. Anzeni na shokamzoba, kisha springi, kisha matairi, kadiri mfuko unavyojaa.

MAJI YA KALERWE

Jambo moja lisisahauliwe. Kalerwe na Bwaise ziko bondeni, na mfereji wa Nsooba ukijaa, maji hufunika barabara. Dereva wa gari lililoinuliwa hujiona ana meli. Lakini springi hazijafunga mlango wa maji. Bomba la hewa la injini liko pale pale ndani ya boneti, na injini ikivuta maji badala ya hewa huvunjika papo hapo. Maji yanayokwenda kasi husukuma gari lililo refu vilevile. Usiyaingie maji usiyoyaona chini. Nyanya zikichelewa saa mbili hasara yake ni ndogo kuliko injini, na injini ni ndogo kuliko mtu.

TUJIFUNZE KWA MADEREVA WA SAFARI

Mbio za magari za Safari zilizoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope yanayofanana na yetu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, gari la mtumba kama yetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, ambayo asili yake ni gari la michezo na halina urefu wa kujivunia. Watu kama hao walijali shokamzoba imara, bamba la chuma la kuikinga sampu ya injini, na ukaguzi wa kila bolti. Bamba hilo laweza kutengenezwa na fundi mzuri wa Katwe, na kwa gari nyingi lafaa kuliko sentimita tano za kimo.

GARI LA TAJIRI, ROHO NI YETU

Mwisho, yapo magari yasiyo yetu ila sisi ndio tunaoyapanda: pikapu na malori yanayowapeleka wachumaji chai na wakata miwa kazini. Humo nako mwajiri anaweza kuagiza kibao cha bei rahisi ili gari lipite matopeni na watu wengi zaidi mgongoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Mjumbe wa chama katika kila shamba na aulize: gari hili limeinuliwa na nani? Breki zilirekebishwa? Linabeba watu wangapi? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, maana neno lisiloandikwa hukanushwa.

Kwa magari ya vikundi, hukumu yetu ni hii. Pimeni kwanza. Rudisheni kimo cha asili. Mkihitaji zaidi, msipite sentimita 5. Rekebisheni breki, nyoosheni magurudumu, shusheni taa. Punguzeni kimo cha mzigo kabla ya kuongeza kimo cha gari. Na uamuzi ufanywe na kikundi kizima penye daftari la hesabu, usifanywe na dereva peke yake gerejini, kwa sababu pesa ni za wote, na msiba ukitokea utakuwa wa wote.

Umoja ni nguvu.